Bruxelles–Lisbonne: ndege gani, na saa ya wapi?

Katika mazoezi ya tafsiri tulipewa sentensi fupi ya Kifaransa: «De Bruxelles à Lisbonne, 1 710 km à vol d'oiseau.» Karibu nusu ya darasa iliandika: «kilometa 1,710 kwa ndege». Mhadhiri aliuliza swali moja tu: ndege gani?

Kwa kawaida upatanisho hutuokoa: ndege huyu ana manyoya, ndege hii ina injini. Lakini katika «kwa ndege» hakuna kiambishi cha kutusaidia, na msomaji ataona chombo tu. Tofauti si ndogo. Kilometa 1,710 ni mstari ulionyooka kutoka mji hadi mji. Chombo hakiufuati: kinapaa kwa kuukabili upepo, kinapita njia zilizopangwa, kinazunguka kutafuta uwanja, hivyo kinakwenda mbali zaidi. Gari, likipita Ufaransa na Uhispania, linavuka kilometa 2,000. Mimi naandika «kwa mstari ulionyooka». Si tamu, lakini haidanganyi.

Muda una mitego zaidi. Kwa mwendo wa kilometa 800 na kitu kwa saa, mtu atahesabu saa mbili. Ratiba, hata hivyo, huanza kuhesabu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa na kumaliza inapoegeshwa tena, kwa hiyo huandika karibu saa tatu. Kurudi huwa kufupi kidogo, kwa sababu pepo za juu huko huvuma zaidi kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Tuseme unatoka Bruxelles 10:00 na safari ni saa 2 na dakika 55. Unafika Lisbonne 11:55, maana Ureno iko nyuma ya Ubelgiji kwa saa moja. Ukirudi 13:00, kwa saa 2 na dakika 40, unafika 16:40. Anayetoa namba kwa namba atapata 1:55 kwenda na 3:40 kurudi, na atadhani ndege ya kurudi ilikuwa mbovu!

Sisi wa Lubumbashi hatuna sababu ya kushangaa. Kinshasa iko magharibi yetu, nyuma kwa saa moja, kilometa 1,500 na kitu kwa mstari ulionyooka: karibu mfano uleule. Saa zenyewe ni uamuzi wa watu. Kuanzia 1992 hadi 1996 Ureno ilifuata saa ya Bruxelles, kisha ikaiacha. Asubuhi za baridi watoto walikuwa wakienda shule gizani.

Kuna na hesabu yetu ya Kiswahili. 10:00 ni saa nne asubuhi. Mfasiri akiandika «saa kumi», aliyezoea hesabu hiyo atafika uwanjani alasiri, ndege imekwisha kwenda. Ndiyo maana kwenye bilete naacha tarakimu kama zilivyo, na kando ya kila moja naongeza «saa ya Bruxelles» au «saa ya Lisbonne». Wenzangu wananicheka kwa kujaza ukurasa. Lakini mama asiyesoma Kifaransa, mwenye dakika 50 tu za kubadilisha ndege Lisbonne huku saa ya mkononi ikiwa bado ya Bruxelles, ataamini kwamba ameachwa, na pengine ataacha kuitafuta ndege yake.