SIKU ZA MWISHO ZA KIKAO CHA BUNGE: FUNZO KUTOKA VISIWA VYA HAWAII

Kila unapofika mwezi wa Juni wakaazi wengi wa Unguja na Pemba huwa karibu na redio zao wakifuatilia Baraza la Wawakilishi likikamilisha kazi ya bajeti, kwa kuwa mwaka mpya wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Siku hizo za mwisho huwa na mambo mengi na muda mchache. Ndipo wananchi na watumishi wa Serikali hujiuliza: je, sheria inayopitishwa mwishoni huangaliwa kwa makini sawa na ile iliyopitishwa mapema? Suala hilo limepata kufika mahakamani katika jimbo la Hawaii, huko Marekani, ambalo ni la visiwa kama tulivyo sisi. Makala haya yanakusudia kueleza lilivyofika huko na lilivyoamuliwa.

Hawaii iliingia katika Muungano wa Marekani tarehe 21 Agosti 1959, ikiwa jimbo la 50. Mji wake mkuu, Honolulu, uko katika kisiwa cha Oahu. Bunge la jimbo lina sehemu mbili: Seneti yenye wajumbe 25, na Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 51. Kikao cha kawaida hufunguliwa Jumatano ya tatu ya mwezi wa Januari na Katiba imekiwekea siku 60 za kazi. Jumamosi, Jumapili, sikukuu na siku za mapumziko hazihesabiwi, kwa hivyo kikao humalizika mwanzoni mwa mwezi wa Mei. Kikao kinaweza kuongezwa, lakini kisizidi siku 15. Mwaka wa fedha wa huko nao huanza tarehe 1 Julai.

Katika muda huo mfupi, miswada inayowasilishwa huweza kupindukia 2,000 kwa mwaka. Inayofikia kuwa sheria ni mia chache tu. Kwa hivyo mwisho wa kikao ni mfano wa mlango mwembamba unaogombaniwa na watu wengi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila mswada hauna budi kusomwa mara tatu katika kila upande wa Bunge, katika siku tatu mbali mbali. Baina ya kusomwa huko, kamati husikiliza maoni ya wananchi. Mkaazi wa Maui au Kauai hana feri ya kumvusha hadi Honolulu. Zamani alilazimika kupanda ndege ikiwa anataka kusema mbele ya kamati. Hivi sasa anaweza pia kutoa maoni yake kwa maandishi au kwa njia ya video akiwa kwake.

Iwapo pande mbili za Bunge zimepitisha mswada mmoja kwa maneno yanayotafautiana, huundwa kamati ya pamoja ili kupatanisha. Kamati hizo hukutana katika wiki za mwisho. Wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria na kutazama, lakini hawatoi maoni. Mswada wowote unaohitaji fedha haupiti hapo bila ya ridhaa ya kamati za fedha za pande zote mbili. Miswada mingi ambayo imefanyiwa kazi tangu Januari hufia hapo, katika saa za mwisho, kwa sababu ridhaa hiyo haikupatikana.

Isidhaniwe kuwa kila linaloamuliwa mwishoni ni baya. Chukua mfano wa mchango wa watalii katika kuhifadhi mazingira, jambo ambalo watu wa visiwa wanalifahamu vyema. Mswada wa kuwatoza wageni ada ulikwama katika kamati ya pamoja mwaka 2023. Fikra hiyo ikarudi kwa sura nyengine, ikajadiliwa tena, na mwaka 2025 Bunge likapitisha sheria ya kupandisha kodi ya malazi ya wageni kutoka asilimia 10.25 hadi asilimia 11 kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kura za mwisho zilipigwa siku za kufunga kikao, lakini hakuna aliyeweza kusema kuwa jambo lilikuwa geni. Lilikuwa limekwisha semwa, likapingwa na likatetewa hadharani kwa miaka kadhaa.

Tatizo ni pale mswada unapoingia na jambo moja na kutoka na jambo jengine. Wenyeji wameupa mtindo huo jina linalolingana na kazi ya mpishi wa samaki: kutoa matumbo na kujaza kitu chengine. Ganda la nje hubakia lile lile pamoja na nambari yake, na ndani mna mambo mapya. Jumuiya mbili za kiraia, Jumuiya ya Wapiga Kura Wanawake na Common Cause Hawaii, zilifika hadi ya kutoa kila mwaka tunzo ya kejeli, iliyopewa jina la kisu cha mpasuaji chenye kutu, kwa mswada uliobadilishwa vibaya kuliko yote.

Mwaka 2018 jumuiya hizo ziliacha mzaha na kwenda mahakamani. Mswada uliohusika uliitwa mswada wa usalama wa umma. Ulipowasilishwa Seneti ulitaka itolewe ripoti kila mwaka kuhusu wafungwa wanaorudia makosa baada ya kutoka gerezani. Seneti iliusoma mara tatu ukiwa hivyo. Ulipofika Baraza la Wawakilishi, maneno yote yalifutwa na badala yake yakawekwa masharti kuhusu nafasi za kujihifadhi wakati wa kimbunga katika majengo mapya ya umma, zikiwemo skuli. Jina la mswada halikubadilika, kwani usalama wa umma ni neno pana linaloweza kufunika gereza na kimbunga kwa pamoja. Mswada ukapita, Gavana akautia saini, ukawa sheria.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Nani atapinga watu wa visiwani kuwa na mahali pa kukimbilia penye kimbunga? Jumuiya zile hazikuwa na ugomvi na hifadhi ya watu. Hoja yao ilikuwa kwamba Seneti haikupata kuusoma mara tatu mswada wa vimbunga. Iliyousoma mara tatu ni ripoti ya wafungwa. Mwananchi aliyekuwa na la kusema kuhusu ujenzi wa skuli hakuwa na sababu ya kufuatilia mswada wa magereza, na mwenye kufuatilia magereza aliamka siku moja akaukosa mswada wake.

Tarehe 4 Novemba 2021 Mahakama Kuu ya Rufaa ya jimbo hilo ilitoa hukumu kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Ilikubaliana na wadai. Mahakama ilisema kuwa mabadiliko yanapoufanya mswada usiwe na uhusiano tena na ule wa awali, hesabu ya kusomwa mara tatu huanza upya. Kusoma si ada ya kutimiza tu. Ni nafasi ya wajumbe kufikiri na ya wananchi kusikilizwa.

Katiba ya Hawaii ina kinga nyengine mbili. Kwanza, mswada haupitishwi katika hatua ya mwisho ila nakala zake, kwa maneno yale yale yatakayopigiwa kura, ziwe zimewafikia wajumbe kwa muda usiopungua saa 48. Pili, baada ya Bunge kufungwa Gavana hupewa siku 45 za kazi kuipitia miswada iliyomfikia mwishoni. Akikusudia kuukataa mswada humpasa kutoa taarifa siku kumi kabla, ili Bunge lipate nafasi ya kukutana tena. Asipotia saini wala kuukataa, mswada huwa sheria.

Ndugu wasomaji, wahenga wamesema haraka haraka haina baraka. Lakini kikao hakiwezi kukosa mwisho, na mwisho hauwezi kukosa haraka. Kwa hivyo kinga haipatikani kwa kutamani muda usikatike, bali kwa kanuni ambazo hata saa ya mwisho haiwezi kuziruka. Kwa mtumishi wa Serikali anayeandaa mswada au waraka, wajibu ni kuhakikisha kuwa kichwa cha habari kinasema kilichomo ndani, na kwamba kila badiliko limewekewa kumbukumbu. Kwa mwananchi, wajibu ni kuomba na kusoma nakala ya mwisho badala ya kutosheka na jina lake. Jambo jema lililopita kwa mlango wa nyuma huwafundisha wengine njia ya mlango huo, na atakayefuata huenda asiwe amebeba jambo jema.