Mashine ya kukatakata matawi: Itazame taka yako kabla ya kufungua pochi

JUMAMOSI ya Agosti 10, 2024, mlima wa taka wa Kiteezi, kaskazini mwa jiji la Kampala, uliporomoka baada ya mvua kubwa na kufukia nyumba za wakazi. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Dampo hilo lilikuwa likipokea taka za jiji tangu mwaka 1996, na sehemu kubwa ya taka hizo ni vitu ambavyo mkulima yeyote angevipokea kwa mikono miwili: maganda ya matoke, majani, mabua na mabaki ya jikoni.

Tangu wakati huo, watu kadhaa ninaofahamiana nao katika vitongoji vya Kira, Najjera na Nansana wameanza kutengeneza mboji nyumbani. Baadhi yao ni ndugu zetu waliorudi kutoka ughaibuni, wakajenga na kubakiza kipande cha ardhi kwa ajili ya migomba, mboga na miti michache ya matunda. Wafanyabiashara wanaopita Busia na Malaba nao wameanza kunusa soko. Swali ninaloulizwa na pande zote mbili ni moja: Ninunue mashine gani ya kukatakata matawi na majani?

Jibu langu huanza na kazi ndogo isiyogharimu hata shilingi. Kwa wiki mbili, tenga taka za nyumbani kwako katika mafungu matatu. Fungu la kwanza liwe la vitu laini na vibichi, yaani maganda ya matoke, mabaki ya mboga na nyasi. La pili liwe la vitu vyenye nyuzi, kama magogo ya migomba, mabua ya mahindi na majani ya tembo. La tatu liwe la vitu vigumu: matawi ya mwembe, mparachichi, mfenesi na yale yanayopogolewa kwenye ua. Fungu litakalokuwa kubwa ndilo litakalokuchagulia mashine.

Kwa nini tukate?

Vijidudu vinavyoozesha taka hufanya kazi kuanzia nje ya kila kipande kuingia ndani. Ukikata tawi moja vipande mia, umevifungulia milango mia. Vipande vya urefu wa sentimita 2 hadi 5 vinatosha. Vikisagwa na kuwa kama unga, vinashikamana, hewa inakosa njia na biwi linaanza kunuka.

Biwi zuri huwa na angalau mita moja kila upande ili litunze joto. Likiwa sawa, ndani hufika nyuzi joto 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Wataalamu wa udongo hushauri mchanganyiko wenye sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Kwa lugha ya bustanini, vitu vikavu vya rangi ya kahawia vichanganywe na vibichi vya kijani.

Hapa ndipo Kampala inapotofautiana na London au Toronto. Jiko la hapa hutoa vibichi kwa wingi mno. Maganda ya matoke yamejaa maji, na katika mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba biwi la maganda matupu hugeuka uji. Kinachokosekana ni vitu vikavu vinavyopitisha hewa. Kwa hiyo kazi kubwa ya mashine katika ua wa Kampala ni kugeuza matawi kuwa vipande vya kuchanganya na maganda. Maganda yenyewe hayahitaji mashine. Panga linatosha, na katika joto letu huoza ndani ya wiki chache. Isitoshe, wafugaji wa mbuzi na ng'ombe wanayatafuta, na huenda jirani yako akayachukua kabla hujayafikisha kwenye biwi.

Aina tatu za mashine

Ya kwanza ni mashine ndogo ya umeme yenye visu vinavyozunguka kwa kasi. Ndiyo inayoonekana sana katika maduka ya Ulaya, na nyingi huwa na nguvu ya wati 2,000 hadi 2,800, zikimeza matawi ya unene wa hadi milimita 40 au 45. Hupenda matawi makavu na membamba. Ukiilisha majani mabichi kwa wingi, koo lake huziba.

Ya pili pia ni ya umeme, ila badala ya visu vya kasi ina gurudumu zito lenye meno linalozunguka polepole na kuponda tawi dhidi ya bamba la chuma. Haina kelele nyingi, na hulivuta tawi yenyewe. Kwa matawi ni nzuri. Kwa magogo ya migomba ni balaa, kwa kuwa zile nyuzi hazikatiki, hujizungusha kwenye shafti kama kamba mpaka mota inazima.

Ya tatu ni mashine ya kukata majani ya ng'ombe, inayofahamika kwa kila mfugaji wa Afrika Mashariki. Visu vyake hufungwa kwenye gurudumu kubwa, na huendeshwa kwa mkanda kutoka kwenye mota au injini ya petroli. Hii ndiyo inayoliweza fungu la pili: mabua, majani ya tembo na magogo ya migomba yaliyopasuliwa kwa urefu na kuachwa yanyauke siku mbili tatu. Usiitarajie kukata tawi gumu la mwembe, kwani visu vitapinda.

Zipo pia mashine za petroli zinazounganisha visu na nyundo, zenye uwezo wa kula matawi na majani kwa pamoja. Nyingi hutumia injini ya nguvu farasi 6.5 au 7, jamii ile ile inayoendesha pampu za maji na jenereta. Kwa nyumba moja yenye kiwanja cha kawaida huo ni mzigo. Kwa nyumba sita zinazochangia, ina maana.

Soma kibati kabla ya kulipa

Kwa wewe unayefikiria kupakia mashine kwenye kontena, soma kwanza kibati kilichobandikwa ubavuni. Umeme wa Uganda ni wa voti 240 na hezi 50, na plagi zetu ni za pini tatu za mraba kama za Uingereza. Mashine kutoka Uingereza, Oman au Dubai itafanya kazi bila taabu. Ya Marekani hutumia voti 120 na hezi 60. Transfoma itarekebisha voti, lakini haibadilishi hezi, na mota nyingi za aina hiyo zikiletwa huku hupungua kasi kwa kiasi cha moja ya sita na kupata joto. Waliokuwa Saudi Arabia nao wawe macho, kwa sababu huko voti zinakaribiana na zetu, lakini hezi ni 60.

Tazama pia kama mbele ya wati kumeandikwa P40 au S6 40%. Maana yake ni kwamba katika kila dakika kumi, mashine inaweza kubeba mzigo kwa dakika nne tu, na sita zilizobaki izunguke tupu ipoe. Mwenye kazi ya saa tatu kila Jumamosi hapaswi kuihesabu kama mashine ya kutwa. Gharama ya umeme ni rahisi kuipiga: wati 2,400 kwa nusu saa ni uniti 1.2, kisha zidisha kwa bei ya uniti uliyolipia mara ya mwisho. Waya wa kurefushia usiwe mwembamba, maana hupata moto na kuinyima mota nguvu.

Mpakani

Mwenye biashara ajue tofauti kati ya mahali bidhaa ilikonunuliwa na mahali ilikotengenezwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo wenye mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wanaopewa cheti cha asili cha bidhaa papo hapo mpakani. Utaratibu huo ni wa bidhaa za nchi wanachama zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mashine iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imepitia Nairobi. Itatozwa kama ya kutoka nje, na VAT ya Uganda ni asilimia 18. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimepunguza foleni, hakijafuta ushuru.

Kwa anayerudi nyumbani moja kwa moja, sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatoa msamaha kwa vyombo vya nyumbani vya mtu anayehamisha makazi, kwa masharti yake. Mashine moja uliyoitumia bustanini kwako ni chombo cha nyumbani. Tano mpya ndani ya maboksi ni bidhaa, na ofisa wa forodha anaijua tofauti hiyo. Muulize wakala wa forodha kabla mzigo haujaondoka, na jibu alitoe kwa maandishi.

Vipuri ndiyo biashara

Nimezunguka Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma, nikichungulia mashine zinazoletwa kutengenezwa. Zinazorudi kazini haraka ni zile zenye beringi za namba za kawaida kama 6204 au 6205, mikanda ya saizi A au B, na visu ambavyo fundi anaweza kuvinoa au kuchonga vingine kwa chuma cha springi ya lori. Zinazolala kwenye kona zikingoja ni zenye kisu cha umbo la pekee kinachopatikana kwa mtengenezaji mmoja tu ng'ambo. Kwa hiyo mnunuzi aombe kuona beringi, mkanda na kisu kabla ya kuuliza bei. Mfanyabiashara naye akumbuke kwamba mteja hununua mashine mara moja, lakini visu atavihitaji kila mwaka.

Mwisho ni tahadhari. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria uligunduliwa nchini Uganda mwaka 2001, na husambazwa na visu. Mashine inayozunguka nyumba hadi nyumba inaweza kuubeba. Mgomba mgonjwa usipitishwe humo kabisa, na visu visafishwe kwa maji yenye jiki kabla ya kwenda kwa jirani. Anayelisha mashine avae miwani ya kukinga macho na aepuke leso, kanzu na mikono mipana. Tawi lisukumwe kwa tawi jingine, kamwe si kwa mkono. Likikwama, chomoa plagi kwanza.

Ushauri wangu kwa wengi wenye kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni huu: panga kwa maganda, na mashine ya umeme ya matawi ikiwa miti yako ni mingi. Mwenye migomba mingi atafute mashine ya kukata majani ya ng'ombe, ikiwezekana achangie na majirani wanne au watano, kwa daftari linaloonyesha nani ameitumia lini na nani amenoa visu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Gunia moja la matawi na maganda likibaki nyumbani kila wiki, ni magunia 52 kwa mwaka ambayo lori la taka halitayabeba, na mwenye nyumba anabaki na mbolea yake.