Mguu Umevunjika, Kosa Liko Shingoni

Mtu akivunjika mfupa Machochwe, wilayani Serengeti, swali la kwanza ni alianguka wapi: bodaboda, juu ya mti, au ng'ombe kampiga. Lakini mama anayejitwisha ndoo ya maji kama siku zote, mgongo ukalia ka! na asinyanyuke tena, huyo hakuanguka popote. Majirani watamletea maziwa na supu ya kwato. Wana huruma, ila huenda mwili wake haukukosa chakula.

Nyuma ya ile tezi ya shingo ambayo ikivimba tunasema rovu, kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Vinaitwa paratiroidi, na kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Ikipungua, hutoa homoni inayoiambia mifupa iachie kidogo na figo zisiipoteze kwenye mkojo. Kimoja kikiota uvimbe, ambao kwa kawaida si saratani, hakisikii tena kwamba damu imeshiba. Kinaendelea kudai. Mfupa unachotwa kila siku huku kalsiamu ikifurika kwenye damu: mawe kwenye figo, kiu isiyoisha, choo kigumu, uchovu, huzuni. Na ukimpapasa mgonjwa shingo, mara nyingi hugusi kitu.

Mwaka 1924 kondakta mmoja wa tramu mjini Vienna alivunjika paja. Daktari wake, Felix Mandl, alidhani vitezi vimepungua nguvu, akampandikizia vingine. Hakupata nafuu. Mwaka 1925 akamfungua shingo, akakuta uvimbe, akautoa. Kalsiamu kwenye mkojo ikashuka, maumivu yakapungua, na yule bwana akatembea tena kwa fimbo. Ugonjwa ulimrudia baadaye, lakini mwizi alikuwa ameshajulikana.

Kosa la kwanza la Mandl ndilo ninaloliogopa hapa kwetu: kuongeza pale palipozidi. Vidonge vya kalsiamu vya dukani, kabla ya kupima, vinaweza kumdhuru mgonjwa huyu. Wenye figo zilizochoka muda mrefu nao vitezi vyao huamka kupita kiasi, na tiba yao ni tofauti, kwa hiyo kubahatisha hakufai.

Kipimo cha kwanza ni damu kidogo tu ya mkononi, kuangalia kalsiamu, kisha homoni yenyewe. Kisipopatikana mjini Mugumu, omba rufaa ya hospitali ya Musoma au Bugando, Mwanza. Hasa mgonjwa akiwa mama aliyekoma hedhi, aliyewahi kuugua mawe ya figo, na mfupa umekatika kwa jambo dogo, usiridhike kwa kuwa amefungwa hogo. Muulize daktari: kalsiamu yake ni ngapi?