Mwasumini Ndani ya Ndoo

Je, msomaji, wewe ni mpangaji kule Shika Adabu, Likoni, na ua mnaotumia watu wa vyumba sita una nafasi ya kamba ya nguo na pipa la maji tu? Usikate tamaa. Mahali pa ndoo moja panatosha kuifanya nyumba inukie jioni.

Wengi hukosea katika kuchagua. Bogonvilia hupendeza macho, lakini pua haipati kitu. Mlangilangi hunukia mno, ila huo ni mti, utaung'oaje siku ya kuhama? Kuna pia ule mmea utambaao ambao maua yake hufunguka jioni yakiwa meupe, kisha yakageuka ya waridi na mwisho mekundu. Harufu yake ni tamu, lakini haukai ndooni kwa adabu. Utavamia paa la jirani mpate kesi.

Chagua mwasumini. Hauna vikono vya kujishikia kama mitambazi mingine, kwa hivyo simika fito tatu ndooni na uyafunge matawi kwa kamba ya makumbi. Huna haja ya kununua mche. Omba kwa jirani kipande cha tawi chenye vifundo vitatu au vinne, ukichomeke kwenye udongo wenye unyevu, kivulini, hadi kitoe majani mapya. Kisha kihamishie kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, yenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Mchanga wa ufuoni usiuguse, una chumvi.

Na chumvi ndiyo adui mkubwa hapa kwetu. Visima vingi vya pwani vina maji ya magadi. Mwasumini wangu wa kwanza niliunywesha maji hayo kila siku, nikidhani nautunza. Kingo za majani zikawa kahawia kama zilizounguzwa, yakapukutika. Nililaumu wadudu, kumbe ni mkono wangu mwenyewe! Siku hizi nakinga maji ya mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, katika pipa lenye kifuniko. Mara moja kwa mwezi nayamwaga mengi ndooni hadi yachuruzike chini, yaondoke na chumvi. Sahani ya kukingia maji chini ya ndoo nimeitupa. Mbu waenezao homa ya dengi huzaana katika maji kama hayo, na Mombasa iliuonja ugonjwa huo mwaka wa 2017.

Weka ndoo panapopata jua nusu siku. Maua yakipungua, kata ncha za matawi bila huruma, kwani asumini huchanua kwenye machipukizi mapya.

Chuma alasiri, vitumba vikiwa bado vimefumba. Kufikia magharibi vitafunguka vyenyewe, kwenye kikuba pamoja na mrehani, au juu ya mto wa kulalia. Ukiyaacha mtini, asubuhi utayakuta yameanguka chini.