Mlinzi wa Tangi la Samaki

Mwenye kufuga kiumbe amejitwika dhima yake. Mbuzi akikosa majani hulia. Kuku akikosa maji hutoka akayatafuta. Lakini samaki aliyetiwa ndani ya tangi la kioo hana sauti wala hana pa kwenda. Maji yakipoa sana, au yakizidi moto, mwenyewe hupata habari asubuhi, samaki wakielea juu. Kwa sababu hiyo, vijana wapendao ufundi hujitengenezea mlinzi wa tangi kwa mikono yao. Twapenda kueleza namna atengenezwavyo, na namna ya kumwekea mipaka.

Moyo wa kazi hii ni kompyuta ndogo ya kibao kimoja. Iliyo mashuhuri ni Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza mwezi wa Februari 2012 ili vijana wajifunze kuandika programu. Kibao chake ni kama kadi ya benki kwa ukubwa, na aina zake kubwa zilizotoka tangu 2014 zina pini 40. Baadhi yake hupokea habari na kutoa amri kwa umeme mdogo wa volti 3.3.

Kwanza, mlinzi apewe hisia. Kipimajoto kiitwacho DS18B20, kilichozibwa maji yasipenye, kina nyaya tatu: wa umeme, wa ardhi, na wa habari. Baina ya ule wa umeme na ule wa habari hutiwa rezista ya omu 4,700.

Kisha apewe mikono. Umeme wa pini hauwezi kuendesha hita wala pampu, bali huamuru kibao cha rilei, yaani swichi iendeshwayo kwa umeme mdogo. Programu fupi husoma joto kila dakika: likishuka chini ya digrii 25, hita huwashwa, likifika 26, huzimwa. Lau si nafasi hiyo ya digrii moja, rilei ingewasha na kuzima mfululizo hata ikachakaa.

Wengi husimama hapo wakidhani kazi imekwisha, na hapo ndipo penye hatari. Kompyuta huweza kuganda. Rilei nayo huweza kushikana isiachie, hita ikawaka usiku kucha. Na maji kadiri yazidivyo moto ndivyo yashikavyo hewa kidogo: lita moja ya maji baridi yasiyo chumvi, kwa digrii 20, hushika miligramu 9 hivi za oksijeni; kwa digrii 30, ni 7.5 tu. Samaki hukosa pumzi kabla hajatokoseka.

Basi usijiulize tu mlinzi atafanya nini akiwa mzima. Jiulize samaki watakuwaje siku atakapokufa.

Hita na iwe na themostati yake yenyewe, itegwe digrii 27, ili rilei ikishikana awepo mlinzi wa pili. Hita iungwe upande wa rilei ambao amri ikikosekana umeme hukatika. Pampu ya chujio iungwe upande wa pili, ambao amri ikikosekana umeme hupita. Kwani vijidudu vya ndani ya chujio, vigeuzavyo sumu ya amonia, hutaka maji yenye hewa daima.

Umeme wa nyumba na maji ni maadui. Pawepo swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, nayo ifungwe na fundi wa umeme. Kila waya utokao tangini ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni.

Kabla ya kutia samaki, fanya majaribio mawili. Ng'oa umeme wa kompyuta: pampu haina budi kuendelea, na hita kuzimika. Kisha iache rilei ya hita imewashwa usiku kucha, asubuhi usome kipimajoto cha kioo. Joto likisimama karibu na 27, watie samaki wako. Likipita hapo na kuendelea kupanda, hita hiyo haifai. Tafuta nyingine kwanza.