Bastola Iliyotumika na Kipimo cha Uaminifu Wake

Nchini Marekani, soko la bastola zilizotumika hupata sehemu ya bidhaa zake kutoka idara za polisi, ambazo zinaponunua silaha mpya huwaachia wafanyabiashara zile za zamani ili thamani yake ikatwe katika bei. Mkondo huo ulipata nguvu baada ya mwaka 2014, pale kitengo cha mafunzo cha FBI, shirika la upelelezi la shirikisho, kilipopendekeza kurejea kwenye risasi ya milimita 9 na kuachana na ile ya inchi .40, iliyoingia sokoni mwaka 1990 na kuenea upesi miongoni mwa polisi. Miongoni mwa bastola zilizorudishwa imo Glock 23 ya risasi hiyo ya .40, ambayo mtutu na mpini wake vimefupishwa ili ifichike chini ya nguo na bado ijae mkononi.

Anayenunua kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho sharti awe ametimiza miaka 21, ajaze fomu ya serikali na kumbukumbu zake zichunguzwe. Uchunguzi huo unamhusu mnunuzi; hausemi lolote kuhusu hali ya silaha.

Bastola ya polisi kwa kawaida hubebwa sana na kufyatuliwa kidogo, hivyo rangi iliyochubuliwa na ala si ushahidi wa uchakavu wa ndani. Baada ya kuhakikisha kwamba haina risasi, mnunuzi anapaswa kutazama hasa springi inayokirudisha mbele kitelezi, yaani kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, kwa kuwa risasi ya .40 hukisukuma kwa nguvu zaidi kuliko ya milimita 9 na huichosha springi hiyo mapema. Atazame pia ndoano ndogo inayovuta ganda tupu, pamoja na magazini, kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, ambacho midomo yake ikipinda au springi yake ikilegea, risasi hukwama hata kama bastola yenyewe ni nzima.

Hata hivyo, macho hayatoshi, na jina la kiwanda halitoshi pia. Uaminifu ni wa bastola moja, magazini fulani na risasi za aina fulani kwa pamoja. Ndiyo maana risasi za mazoezi zenye ncha ya mviringo zinaweza kupita bila tatizo, huku zile za kujihami, zenye ncha iliyotobolewa, zikigota kwenye mlango wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Kwa hesabu za uwezekano, risasi 200 zikipita bila kukwama, mtu anaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 tu kwamba kiwango cha kukwama hakizidi takriban asilimia 1.5; zikifika 300, kikomo hicho hushuka hadi asilimia 1. Risasi 50, ambazo wengi hutosheka nazo, huacha nafasi ya karibu asilimia 6, na huo ni udhaifu usiovumilika kwa chombo kinachotegemewa kuokoa uhai.

Kila magazini ipewe namba na kila kukwama kuandikwe, ili ijulikane kama kosa ni la magazini, la risasi au la mshiko legelege wa mpigaji. Springi ikibadilishwa, hesabu ianze upya. Bastola inayoendelea kukwama kwa magazini mpya na risasi nzuri irudishwe, na kwa sababu hiyo mnunuzi aulize masharti ya kurudisha kabla hajalipa.