Kuisoma Ramani ya Zamani

Mkulima, ukiikuta ramani ya zamani ya Nairobi usiifungie sukari. Ukijua kuisoma hiyo, utaisoma na ya milima yenu, maana alama ni zile zile.

Kwanza tazama pembeni. Palipoandikwa 1:50,000, sentimeta 2 za karatasi ni kilometa 1 ya nchi, na mraba wa kilometa 1 kila upande una eka 247 hivi. Angalia kama vimo ni futi au meta. Asiyeangalia akaona 5,700 karibu na Kibera atadhani imeupita Mlima Kenya, wenye meta 5,199!

Mistari ya hudhurungi huunganisha mahali penye kimo kimoja. Ikisongana, mteremko ni mkali; ikiachana, ni tambarare. Penye bonde hupinda kama ncha ya mkuki inayoelekea juu mlimani. Hapo ndipo maji hupita, hata kama mto haukuchorwa. Usijenge nyumba hapo, wala zizi. Fuata kwa kidole mto Motoine ushukao hadi Bwawa la Nairobi, kusini mwa Kibera, uone mikuki hiyo. Nyumba zinaweza kulifunika bonde lisionekane kwa macho, lakini maji hayalisahau: mwaka 2024, Machi hadi Mei, mito ya Nairobi ilifurika ikaua watu.

Kisha soma mwaka wa ramani. Iliyochapwa kabla ya 1953 haina bwawa hilo, kwa kuwa lilikuwa halijajengwa. Kawangware utaikuta mashambani, nje ya mji, kwani mipaka ya Nairobi ilipanuliwa mwaka 1963. Kibera nayo, jina lake kwa Kinubi ni msitu, na ramani za serikali ziliendelea kuionyesha kama msitu hata ilipojaa watu. Mwaka 2009 vijana wa huko waliichora wenyewe, njia kwa njia, katika mradi wa Map Kibera. Basi vilima viamini. Nyumba na njia kaulize wenyeji.

Jambo moja zaidi. Ramani hii haionyeshi mpaka wa shamba lako. Ukigombana na jirani usimpelekee chifu. Ramani ya mashamba yaliyosajiliwa imo katika ofisi ya ardhi.

Ramani za vilima huuzwa na Idara ya Upimaji, Ruaraka, Nairobi. Taja mji au mlima ulio karibu nawe, watakutafutia karatasi yako.